Kamba na Mawe

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Nimerudi kutoka likizo nikakuta sina maabara. Meza zangu, betri, amita, rula za mita, springi, hata yale mawe laini niliyookota mwenyewe mto Gura, vyote vimerundikwa kwenye stoo nyuma ya jikoni, kati ya magunia ya maharagwe na kuni mbichi. Chumba changu kimewekwa kompyuta sita, zimefunikwa vitambaa vya maua walivyoshona wasichana wa sayansi kimu. Maua! Mlangoni kuna kibao kipya, MAABARA YA KISASA, bado kinanuka rangi.

Niliingia ofisini kwa Bwana Kingori, mwalimu mkuu, bila kubisha. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Nikamwambia wasichana wangu wa kidato cha nne wana mtihani wa fizikia wa vitendo mwezi wa kumi na moja, na watapewa springi ya chuma mkononi, si picha ya springi. Akafuta mdomo polepole.

"Madam Nduku, karne ya ishirini na moja inabisha hodi, na wewe ati bado unataka kufundisha na kamba na mawe?"

Kamba na mawe! Miaka sita nimefundisha hapa Tetu kwa hizo kamba na mawe, na wasichana wanapita. Nimeamua kuandika kila jioni, maana nisipoandika nitamtukana mtu mzima mbele ya watoto.

Jumatano, 10 Septemba

Mwenye kompyuta amefika. Anaitwa Mutahi, mwalimu wa hesabu, ametoka chuo juzi. Kalamu tatu mfukoni, viatu vinalia kwi kwi. Anasema programu iko na majaribio yote ya silabasi ndani. Nikamuuliza kama iko na shoti ya umeme pia. Akacheka, akidhani natania.

Alhamisi, 11 Septemba

Somo la kwanza. Mutahi akabonyeza kitu, uzi ukatokea kwenye kioo, jiwe likaanza kucheza huku na huku. Wasichana wakapiga makofi. Jedwali la vipimo likajijaza lenyewe pembeni. Mimi nilikaa nyuma, mikono nimeikunja, nikatazama. Jiwe likaenda likarudi, likaenda likarudi, karibu kipindi kizima, halikuchoka.

"Mnaona nini cha ajabu hapo?" nikauliza.

Kalamu zikaendelea kukwaruza.

"Hamwoni kwamba halisimami?"

Hata Kagure, ambaye kwa kawaida huuliza maswali mpaka naiombea kengele ilie, alikuwa ameinama ananakili jedwali.

"Hiyo ni hali kamilifu, Madam," Mutahi akasema kwa upole, kama anayemweleza bibi yake. Kamilifu mwenyewe.

Kagure ndiye ananiuma zaidi. Nyaya za stima zinapita juu ya shamba la kahawa la mama yake, na nyumba yao haijawahi kuwaka taa hata siku moja. Anataka kuwa mhandisi wa umeme. Mwaka jana aliniambia, "Nikianguka fizikia, Madam, nitachuma kahawa na mama mpaka nizeeke." Hakuwa anacheza. Baada ya kidato cha nne hakuna wa kumlipia kurudia.

Jumatatu, 15 Septemba

Chai ya ofisini haina sukari. Jua kali. Redio inasema kuna mvua ya ajabu inakuja, wanaiita El Niño. Wacha ije.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo ilikuwa harambee ya kufungua hiyo maabara ya kisasa. Mgeni wa heshima ni mtu anayetafuta kura za Desemba. Walimu wa kike tukaambiwa tusaidie jikoni. Mimi, na digrii yangu ya fizikia, nikapewa kisu na karai la viazi. Nikavimenya kama namenya mtu fulani.

Mheshimiwa alipopewa maus, aliinyanyua juu akaielekeza kwenye kioo kama remoti ya televisheni. Watu wakashangilia hata hivyo. Kisha Kingori akashika kipaza sauti: "Kuanzia leo, watoto wetu hawatachafua mikono tena kwa ajili ya sayansi!" Vigelegele! Na wanaopiga vigelegele ni kina mama wenye vidole vyeusi vya kuchuma kahawa, wamekuja na kuku na magunia ya mahindi.

Kabura, mama yake Kagure, alinifuata pale kwenye viazi.

"Mwarimu, hii kombiuta itapitisha mtoto yangu?"

"Tutajitahidi, Mama Kagure," nikasema.

Jibu gani hilo? Najiudhi mpaka sasa kuliko hotuba zote nilizosikia.

Ijumaa, 26 Septemba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Nimewapa jaribio leo. Kwa kuwa chumba nimenyimwa, nilipanda meza nikafunga nyuzi kwenye boriti za bwalo, kila msichana na uzi wake na jiwe lake. Nilizikata nyuzi mwenyewe. Hakuna hata mmoja uliofika mita moja. Kazi ilikuwa nyepesi: pima urefu wa uzi, hesabu jiwe likienda na kurudi, angalia saa, andika. Mtoto wa darasa la tano angeweza.

Nimesahihisha. Wasichana ishirini na mmoja kati ya ishirini na saba wameandika urefu ni mita moja kamili. Muda pia ni ule ule, wa jedwali la kompyuta, hadi nukta ya mwisho. Rula walikuwa nayo mkononi! Niliwaona kwa macho yangu wakiishika, wakiiweka kando ya uzi, wakiinama, wakisoma. Halafu wakaandika kitu kingine.

Karatasi ya Kagure ilikuwa imefutwa mpaka ikachanika. Palipofutwa bado panasomeka: sentimita sabini na mbili. Ambayo ndiyo kweli. Nikamwita.

"Hii sabini na mbili uliitoa wapi?"

"Nilipima, Madam. Nikaona nimekosea. Nikapima tena, ikawa ile ile."

"Sasa ukafuta kwa nini?"

"Kwa kompyuta ni mita moja."

"Na macho yako je, Kagure?"

Akatazama viatu vyake. "Macho yanaweza kukosea. Kompyuta haikosei, Madam. Bwana Kingori alituambia paredi."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo, kumbe ni maji ya mpishi ya kuoshea mboga. Nikaomba msamaha, nikapiga teke ukuta. Kidole kimevimba.

Angalau mtu asiyejua kupima unamfundisha. Huyu amepima sawasawa mara mbili, akajikana. Nilimkuta Mutahi chumba cha walimu nikamtupia zile karatasi mezani. "Soma kazi yako!" Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, masikio yakamwiva. Akazipanga upya, akazirudisha upande wangu. Mwoga, nikasema moyoni.

Jumatano, 1 Oktoba

Walimu nchi nzima tumegoma. Shule kimya. Wasichana wa kidato cha nne wameachwa bwenini wajisomee. Mimi niko hapa kwenye nyumba niliyopanga Wamagana, nakunja nguo zilizokunjwa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Nashuku serikali, nashuku chama chetu, nashuku hata paa la nyumba hii.

Jumanne, 7 Oktoba

Mutahi amekuja kwangu. Viatu havikulia, vilikuwa vimejaa maji. Nilifungua mlango nusu.

"Madam, nifundishe."

"Nikufundishe nini wewe, mtu wa karne ijayo?"

"Kushika vile vitu."

Nikadhani ananicheza shere. Aka! Kumbe mtu yuko karibu kulia. Akaingia, akakaa kwenye stuli, akanieleza. Baba yake alikuwa na duka kule Doldol, naye akasoma sekondari huko huko, shule ya madarasa manne na ng'ombe wanaopita uwanjani. Maabara haikuwepo. Walichora amita ubaoni kwa chaki, wakachora waya, wakachora betri, mwalimu akawaambia mshale ungesimama wapi kama ingekuwepo. Alikariri akapita. Chuoni akachukua hesabu.

"Jiwe la kwanza kuliona likicheza kwenye uzi ni lile la kompyuta," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Niliangalia mpaka wenzangu wakaenda kula. Nikasema, kama tungekuwa na hii Doldol! Mimi sikutaka kuwanyang'anya wasichana wako kitu, Madam. Nilidhani nawaletea."

Nilimwekea chai, yangu ilikuwa na sukari. Mwezi mzima nimemchukia huyu kijana kwa sababu ya viatu. Kingori alikuwa na maabara nzima, akaona ni takataka. Huyu hakuwa na chochote, akaona picha akaipenda. Mtu hawezi kuwakasirikia wawili hawa kwa kipimo kimoja. Hasira yote nimemrudishia Kingori, na imeongezeka.

Jumanne, 14 Oktoba

Mgomo umekwisha. Mutahi ameomba ufunguo wa stoo, ati anatafuta waya wa kompyuta. Kingori akampa bila kuuliza. Tumefungua pamoja.

Ngai! Mabati yamevuja juu ya kila kitu. Rula za mbao zimevimba na kupinda kama ndizi. Springi zimeota kutu. Panya wamezaa kwenye sanduku la amita. Nilikaa juu ya gunia la maharagwe nikalia kwa hasira, Mutahi akasimama pale ameshika mkia wa panya hajui autupe wapi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tunafundisha sasa kwa zamu, bwaloni, wenzetu wakiwa wanacheza voliboli kwenye matope. Asubuhi wasichana wanashika: wanaparua kutu, wanakwaruza waya, wanapigwa shoti kidogo, wanapiga kelele. Mchana Mutahi anawapeleka kwenye kompyuta na kuwauliza, mbona hii si kama yenu? Hilo swali ni lake, sikumfundisha mimi, na ni swali zuri. Nimemwambia hivyo. Ilinigharimu.

Leo Kagure akapiga meza: "Madam! Kompyuta haina kutu!" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nilitamani kumkumbatia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Maagizo ya kuandaa mtihani yamefika. Ni siri ya mwalimu mkuu na mimi, lakini kuna springi ndani, na zetu nyingi zimeoza. Mwenzangu mmoja Othaya amekubali kuniazima. Barabara imekatika kwa maporomoko, tukashuka matatu na Mutahi tukatembea upande mmoja wa mlima hadi mwingine, tukarudi na mfuko wa springi za kila aina, nyingine ngumu, nyingine zimelegea. Si neno. Maagizo yanasema kila springi niipime, niandike nilichopata, na karatasi hiyo ifungwe pamoja na majibu ya wasichana. Hata iliyolegea ina ukweli wake.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepima springi mchana kutwa. Stima imepotea tangu jana. Kompyuta zimefunikwa maua yake, zimelala.

Jumapili, 9 Novemba

Nilikuwa nimetoka kanisani, sijavua hata kitambaa, Mutahi akabisha. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa.

Ijumaa stima iliporudi, Kingori alimwita kwenye maabara ya kisasa akamwambia afanye jaribio la springi kwenye kompyuta, uzito huu na huu, achapishe jedwali. Ati ni ya kuonyesha wazazi. Mutahi akachapisha. Leo baada ya ibada amewaona wasichana bwenini wakijiandika namba kwenye viganja. Jedwali lile lile. Kingori aliita viranja wawili ofisini akawapa, akawaambia wasambaze.

Yaani mtu amefungua siri ya mtihani, akaipeleka kwa kompyuta, akatoa majibu ya springi ambazo kompyuta haijawahi kuziona!

Nilikimbia na mvua mpaka nyumbani kwake. Alitoka kwenye baraza, kifua wazi, amevaa kikoi.

"Umewapa majibu," nikasema.

"Nimewasaidia. Unataka waanguke? Wazazi wamenunua kompyuta, lazima waone matunda."

"Springi zangu kila moja ni tofauti! Nimezipima, karatasi yangu inakwenda pamoja na majibu yao. Wakiandika namba za kompyuta, wote ishirini na saba wakafanana, anayesahihisha ataona hata akiwa amesinzia. Watayafuta matokeo ya shule nzima!"

"Kompyuta haikosei."

"Kompyuta haijawahi kushika springi, Bwana Kingori! Wala wewe!"

Akashuka ngazi moja, akasema kwa sauti ndogo: "Madam, wewe ni mgeni hapa. Umekuja kutoka Machakos na mfuko mmoja. Ukienda kusema huko juu, watayafuta matokeo, na kina mama wa hapa watajua ni nani aliwaharibia watoto. Chagua."

Ndivyo alivyonifunga. Nikisema, Kagure ameanguka. Nikinyamaza, Kagure ameanguka. Nimerudi nimelowa, nimeketi, chai imepoa. Mshenzi yule. Mshenzi, mshenzi, mshenzi.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo ndiyo siku ya vitendo, na mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia kwenye chumba cha mtihani. Lakini hakuna aliyenikataza kusimama kwenye foleni ya uji.

Wasichana walikuwa na vikombe mkono mmoja, mkono mwingine wameukunja ngumi. Wote! Nilitaka kuwapiga makofi na kuwaombea kwa wakati mmoja. Nikasema kwa sauti, wapishi wasikie, viranja wasikie:

"Vitu mtakavyopewa leo vimetoka kila mahali, na hakuna kinachofanana na mwenzake. Wewe na jirani yako mkipata jibu moja, mmoja wenu ni mwongo, na pengine wote wawili. Mimi nimevipima vyote. Andika unachokiona. Kikiwa kibaya, kiandike kikiwa kibaya."

Nikaona wanatazamana. Kagure akainamisha kichwa kwenye kikombe. Ngumi yake haikufunguka.

Wakapanga foleni kwenye baraza la bwalo kusubiri msimamizi, mwanamume mgeni kutoka shule nyingine, awaite. Mvua ilikuwa inapiga, maji yanamwagika kutoka kwenye mabati mbele ya baraza. Nilisimama upande wa pili wa uwanja chini ya paa la jikoni na Mutahi. Kidole changu cha mguu kilikuwa kinauma tena.

Nikamwona Kagure akifungua ngumi. Akaitazama. Kisha akatoka kwenye mstari, akanyoosha mkono kwenye maji ya mabati, akaanza kusugua kiganja kwa kidole gumba. Alisugua na kusugua. Wino ukateremka hadi kwenye kiwiko cha sweta. Aliyekuwa nyuma yake akamwambia kitu, sikusikia. Kagure akamjibu bila kugeuka. Yule naye akatoa mkono. Halafu mwingine. Halafu watano, sita, mikono imejipanga nje ya baraza, wengine wakiinua sketi kufuta.

Si wote. Kuna waliobaki na ngumi, viranja wale wawili wakiwa mbele. Nimewahesabu, siandiki majina.

"Madam," Mutahi akasema, "unalia."

"Ni mvua," nikamwambia. "Nyamaza."

Ijumaa, 21 Novemba

Kingori ameniita. Uhamisho wangu umepita, kuanzia Januari. Hakuacha hata nikae. "Doldol," akasema, na akatabasamu, maana anajua huko hakuna kitu. Nilimwambia asante, kwa sauti iliyomfanya asogeze kiti nyuma.

Kabura alileta nduma, akanikuta nafunga vyombo. "Mwarimu, nasikia wanakupeleka kwa jua. Umekosea nini?" Nikaendelea kufunga sufuria. Akakaa kwenye sanduku langu akaanza kuwatukana kwa Kikuyu, mmoja mmoja, kwa ustadi mkubwa. Sikuelewa yote, nikafurahi yote.

Mutahi nikamuuliza nitakuta nini kwao.

"Maabara hakuna," akasema. "Mawe yapo."

Ijumaa, 6 Machi 1998, Doldol

Mutahi amekuja kumwona baba yake, akaleta habari. Matokeo hayakufutwa. Walionawa wamepata vyao, wengine vizuri, wengine wastani. Kagure ana A ya kutoa, ndiyo bora ya fizikia shuleni, na chuo kikuu atakwenda. Wale wa ngumi wameanguka vitendo, na viranja wawili wamo.

Sikiliza sasa. Kingori ameita wazazi, akachinja mbuzi, akasimama mbele ya kile kibao akasema matokeo haya ni kazi ya kompyuta. Akapigiwa makofi! Akamwita Kagure aje asimame kando ya mashine apigwe picha. Mutahi anasema Kagure alienda, akasimama, na mpiga picha alipomwambia aweke mkono juu ya kompyuta, akaurudisha nyuma ya mgongo. Picha wameipiga hivyo hivyo.

Nilipiga ngumi ukutani, udongo ukaanguka. Mutahi akasema naye ameomba uhamisho, aje huku. Nikamwambia aje na uzi.

Asubuhi nilikuwa nimefunga jiwe kwenye tawi la mgunga nje ya darasa, kidato cha pili wamekaa mchangani wanalitazama. Likaenda likarudi, likaenda likarudi, likapungua. Hakuna aliyepiga makofi. Msichana mmoja, Nasieku, akainua mkono.

"Mwalimu, hakuna mtu ameligusa. Mbona linasimama?"

Nikawaambia wasogee karibu, chakula cha mchana leo tutachelewa.